Kioo cha Paa na Kiti cha Mama Mkwe

Tangu nirudi, hakuna mtu hapa Kasongo anayenisalimu akiniangalia usoni. Wote huinua macho kwanza juu ya gari langu, ndipo waulize habari gani. Wengine huingia dukani kwangu, ninakouza mabati, wakajifanya wanatafuta misumari, kumbe wanataka kujua neno moja tu: kile kioo cha paa nitakitengeneza au nitakibadilisha?

Basi ketini niwaeleze mara moja. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe kichwa na yule nimpe mkia, na huko mitaani habari imeshaota miguu yake. Nasikia wako wanaosema nilimmwagia mama mkwe wangu maji makusudi. Haki ya Mungu, sikumwagia mtu maji. Mvua ndiyo iliyomwaga, mimi nilikuwa naendesha tu.

Kwa asiyelijua gari langu: ni gari la aina ya jeep lililokwisha kuzeeka kwa wenyewe kabla halijaja kuzeekea kwetu. Juu ya viti vya mbele lina kioo kinachofunguka ukibonyeza kidude, na mimi nimekibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hasa siku za ndoa za watu. Mke wangu Zaina alikuwa amefikia mwezi wa kujifungua. Mimba ya kwanza tuliipoteza, na siku ile mama yake hakuwa karibu. Safari hii Zaina alisema wazi kwamba hataingia maternite, kule wanakozalia, bila mama yake. Na mama yake yuko Kabambare, ana nyonga mbovu tangu alipoanguka na pikipiki, na kwa mila yao mama mkwe haji mwenyewe: anafuatwa na yule aliyemchukua binti.

Jina la mama mkwe sitalitaja. Si siri, ni adabu ya bukwe. Mkwe hataji jina la mama wa mkewe, hamwangalii machoni, hali naye sahani moja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa katikati. Mlishike hilo kichwani, maana ndilo lililoniponza.

Kasongo mpaka kwenye mchikichi

Nilitoka asubuhi barabara ikiwa bado imelowa. Zaina alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Uniletee mama," akaniambia. "Gari ikikufia njiani, umubebe ku mugongo."

Kumbeba mama mkwe mgongoni! Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu, nami nikaliwasha gari haraka ili nisimwone akifuta macho.

Mwendo haukuwa mrefu nikafika mahali barabara imegawanyika mara mbili kuzunguka bwawa la matope. Kulia au kushoto? Kando palikuwa na mchikichi, na juu yake mtu na shoka lake anakata ngazi, yaani matunda yake ya mawese. Nikasimama chini yake, nikamtazama kupitia kioo cha paa. Akanipungia mkono. Nami nikampungia. Akapunga kwa nguvu zaidi, nikaona huyu ni mtu wa watu, nikapunga kwa mikono miwili. Ndipo mkungu wa ngazi ukashuka ukatua juu ya kichwa changu kwa kishindo ambacho sijakisikia tena mpaka leo. Kioo hakikuanguka, lakini ufa ulikipasua toka pembe hadi pembe, ukaota na matawi.

Yule bwana aliteremka taratibu, hana haraka hata kidogo.

"Miye nilikuambia toka! Mukono mzima niko nakufukuza, weye unapunga kama tuko ku ndoa!"

"Ungepaza sauti!"

"Nilipaza. Umejifungia mu vitre ya gari kama dawa ya farmasi, utasikia nini?"

Tukabishana nani wa kwanza kufika mahali pale, mimi au mchikichi, na mchikichi ukashinda. Baada ya hapo alikuwa mwema sana. Alinipa muhogo wa kuchoma na ngazi za kuchemsha, akauzunguka ufa mara mbili akiutazama kama anataka kuununua.

"Hii usitengeneze," akasema. "Toa yote, weka manjanja. Kuko mutu mumoja Kasongo anauzisha manjanja. Ni mwizi kidogo, lakini manjanja yake iko ya nguvu."

Manjanja ndiyo mabati. Nilimshukuru kwa ushauri, sikujitambulisha. Mganga hajigangi, na muuza bati naye ndivyo alivyo. Akanionyesha kupita kushoto, nikapita.

Lusangi, chini ya turubai la Kalenga

Nilifika Lusangi nikiendesha kwa mkono mmoja, wa pili nimeuweka juu kuzuia kioo, ingawa sijui mkono wangu ungezuia nini. Fundi wa pale anaitwa Kalenga. Kazi yake hasa ni pikipiki, na turubai lake limepakana na mgahawa wa Mama Amisa, kwa hiyo ukileta gari lako linatengenezwa na macho ya wote wanaokula.

Kalenga alipanda juu ya boneti, akagonga kioo na ukucha, akasikiliza.

"Hii vitre ni ngozi mbili," akasema. "Ya juu imekufa, ya chini ingali inapumua. Kutengeneza iko. Kubadilisha iko."

"Weye ungefanya nini?"

"Miye sina gari."

Akanieleza hata hivyo. Kutengeneza ni kusafisha ufa, kuujaza gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, na kuziba juu kwa skochi, ule utepe wa plastiki unaonata. Itashika, lakini kila shimo la barabara litakuwa linauvuta ufa. Kubadilisha ni kutafuta kioo kizima, na kioo kizima kinajulikana kilipo: Salamabila kuna mfanyabiashara wa dhahabu aliyepindua gari la aina hii hii. Gari limekufa, paa liko hai. Angewatuma watu wa pikipiki na ujumbe, wakikubaliana kitakuja.

"Kitakuja lini?"

"Kikikuja, utakiona."

Wote waliokuwa wakila waligawanyika. Upande wa mlango walisema tengeneza, upande wa jiko wakasema badilisha. Mzee mmoja aliyekuwa hana upande alisema uza gari. Mama Amisa aliniwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, akasimama mikono kiunoni.

"Na weye, dirisha ku kichwa ni ya kuona nini? Mungu unamutafutia nini huko juu?"

Zaina alikuwa ananingoja, na mtoto hangojei pikipiki ya Salamabila. Nikamwambia Kalenga atengeneze sasa, na ujumbe wa kioo kipya autume vilevile. Alifanya kazi nzuri. Ukipitisha kidole juu ya ufa ulikuwa laini, na jua lilipopiga, matawi yake yakang'aa mpaka nikaona gari limezidi uzuri.

Kabambare: mtihani wa ndoo

Kabambare nilipokelewa vizuri, mpaka mjomba wa Zaina alipoinua macho. Anaitwa Mjomba Lukali, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa uani, nimeinamisha kichwa, nasalimia ukuta ambao nyuma yake yuko mama mkwe. Nilipiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, na ukuta ukanijibu kwamba hajambo, nyonga tu. Ndipo nikasikia Mjomba akilizunguka gari.

"Mukwe, hii ni nini?"

"Ni ufa kidogo, mjomba. Umetengenezwa."

"Dada yangu ni mutumba, upakiwe mu gari ya kupasuka?"

Watu wakakusanyika. Nikaeleza ngozi mbili, nikaeleza gundi ya mirija miwili, nikajisikia fundi. Mjomba hakusikia lolote. Alisema mama hatoki pale bila yeye kuona kwa macho kwamba maji hayapiti, na akaamuru ndoo ziletwe. Wanawake wakaenda mtoni, wakarudi, na majirani wakaleta zao bila kuombwa, maana si kila siku unaruhusiwa kulimwagia maji gari la mtu wa Kasongo. Gari likawekwa katikati ya uwanja. Mjomba mwenyewe aliingia ndani, akafunga milango, akakaa kiti cha nyuma ameshika magoti. Huku nje walimwaga, wakapokezana, wakamwaga tena huku wakiimba.

Mjomba alitoka mkavu kama alivyoingia. Nilipumua. Nami kwa furaha yangu, badala ya kunyamaza, nikasimama mbele ya ukoo mzima nikaapa.

"Mama yangu hataguswa hata na tone moja mpaka Kasongo!"

Watu walipiga vigelegele. Usiku ule nililala vizuri sana.

Asubuhi lilibaki jambo la mtu wa katikati. Shemeji yangu ndiye angetusindikiza ili abebe maneno yetu, lakini alikuwa amekwenda Salamabila kuchimba, na wengine walikuwa shambani. Mjomba alifikiri kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku mweusi. Kwao mkwe haondoki mikono mitupu, kwa hiyo kuku yule alikuwa wangu, zawadi ya kuagwa.

"Huyu atatosha," akasema Mjomba. "Ukiwa na neno, umwambie kuku. Mama atasikia."

Msicheke. Mkishindwa kupata mtu, hata ukuta unafaa. Mimi nilikuwa nimeshazungumza na ukuta tangu jana yake.

Milimani, na mkalimani mwenye manyoya

Mama aliketi nyuma, kuku akaketi mbele kando yangu, miguu imefungwa. Mimi, kwa kutaka kuzidisha adabu, nilikigeuza kile kioo cha kuangalia nyuma nikakielekeza juu, nisije nikamwona mama kwa bahati mbaya. Nilichokuwa naona ni ufa wangu tu, uking'aa.

Mvua ilitukuta kwenye mlima wa kwanza. Nikasikiliza. Nikapapasa paa juu ya kichwa changu: kavu. Nikapapasa kiti cha kuku: kikavu, na kuku amesinzia. Moyo wangu ukafurahi mno.

"Kuku," nikasema, macho barabarani, "uulize mama kama huko nyuma iko muzuri."

Gari likaruka shimo.

"Kuku," sauti ikatoka nyuma, "umwambie dereva aangalie mashimo."

Tukashuka, tukapanda tena. Mvua ikazidi, vifuta maji vikawa vinasukuma mto. Nikaona aibu kuwa kimya na mgeni mkubwa vile.

"Kuku, umwambie mama asiogope. Hii vitre fundi ameiziba sana."

"Kuku, umwambie dereva fundi amefanya kazi."

"Kuku, mama hasikii baridi?"

"Kuku, umwambie dereva mvua ni baraka ya Mungu."

Nikasema moyoni, angalia mama mcha Mungu! Nikaanza kupiga mluzi. Mlima ulipokuwa mkali niliongeza moto, na kila tulipopanda nilisikia mama akijisogeza kidogo, nikadhani ni nyonga. Nikamwambia kuku ampe pole ya nyonga. Kuku alijibiwa kwamba pole imefika.

Lusangi tena: tunamla mkalimani

Nilisimama kwa Mama Amisa ili mama ale. Nilishuka, nikampa gari mgongo kama inavyopasa, nikamwomba Mama Amisa amfungulie mgeni mlango. Nikasikia mlango unafunguka. Halafu nikasikia maji yakianguka chini, mengi, kama mtu anayemwaga beseni.

"Yooo!" Mama Amisa akapiga kelele. "Njooni muone! Mukwe amemulowesha mama mukwe!"

Sikuweza kugeuka. Mama mkwe amelowa, nguo zimemshika mwilini, nami nigeuke nimtazame? Nilisimama pale nimeutazama ukuta wa mgahawa huku wanawake wakipita mbio na vitenge vikavu, na kila mmoja akinipa jina jipya. Walimwingiza ndani, wakamkalisha karibu na moto. Nilimsikia akitetemeka meno, na hapo ndipo utani wote uliponiisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Kalenga alikwisha kupanda ndani ya gari, anapapasa kitambaa cha dari.

"Gundi yangu haina kosa," akasema. "Ufa umerefuka, umepita skochi. Maji inaingia hapa mbele, lakini haianguki. Gari ikipanda mulima, maji inakimbia nyuma juu ya hiki kitambaa, inashukia kiti ya nyuma."

"Tuliijaribu na ndoo!"

"Ndoo zenu zilikuwa ku uwanja. Hakuna mutu aliinua gari pua juu."

Basi njia nzima mimi nilikuwa mkavu na mama alikuwa anaoga. Yeye hakusema, kwa kuwa kulilalamikia gari la mkwe ni kumwaibisha mkwe. Mimi sikutazama, kwa kuwa kumtazama ni kumkosea heshima. Tulikuwa tumeheshimiana kutoka Kabambare mpaka Lusangi, karibu tumwue mtu.

Wanawake walikaa kikao cha haraka jikoni, Mama Amisa akaja na hukumu. Nimekosea bukwe, kosa hilo linaoshwa kwa kuku, na aliwe leo leo mama apate mchuzi wa moto. Nikakubali upesi. Tatizo ni kwamba ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita Lusangi, na kijiji kizima hakikuwa na kuku hata mmoja. Wote wakageuza macho kwenye kiti changu cha mbele.

"Yule hapana," nikasema. "Yule ni mutu wetu wa katikati."

"Ni wako ao si wako?" akauliza Mama Amisa.

Alikuwa wangu. Alipikwa kwa mawese na pilipili, mama akala ndani, mimi nikala nje, na niseme kweli alikuwa mtamu.

Nikiwa bado nalamba vidole, simu ikapata mtandao ikalia. Ni jirani yetu wa Kasongo. Uchungu wa Zaina umeanza, amefikishwa maternite, lakini anatembea tu uani, hataki kulala kitandani, anauliza mama yuko wapi. Na wakati huohuo Kalenga ananiambia habari njema: kioo kimekubaliwa Salamabila, pikipiki inaweza kufika kesho, pengine kesho kutwa.

Nikasimama kati ya mgahawa na turubai. Nikingoja kioo, nitampeleka mama mkavu na kiapo changu kitasimama, lakini Zaina atajifungua peke yake tena. Nikiondoka, milima ingali mbele, mvua ingali juu, na mama ameshaanza kukohoa. Bati la kufunika juu lingefaa, na mabati yote yako dukani kwangu. Nilitaka kumwuliza mama, na wa kumtuma niliyekuwa naye nilikuwa nimemla. Kuwatuma wale wanawake sikuthubutu, walivyokuwa wamekasirika. Nilihisi machozi, nikageukia turubai.

"Ramazani."

Sauti ilitoka ndani, kwenye moto. Mama mkwe hamwiti mkwe kwa jina, na mimi tangu nioe sikuwa nimelisikia jina langu mdomoni mwake.

"Naam, mama," nikauambia ukuta.

"Mutoto wangu iko na uchungu?"

"Ndiyo, mama."

"Ku kiti ya mbele, kunanyesha?"

"Hapana, mama. Mbele kukavu."

"Basi nitakaa mbele. Tuende."

Wanawake walishika vinywa. Mama mkwe kando ya mkwe, bega kwa bega, Kasongo yote iwaone! Mama Amisa ndiye aliyepata dawa. Alileta kitenge kikubwa, akakifunga juu kwenye dari kati ya viti viwili, na chini akakichomeka kwenye mkono wa gia. Mama akapanda kwa upande wake, mimi wangu. Kitenge kilikuwa na picha za majani, nami ndiyo niliyoyaona upande wangu wote wa kulia.

Kiti cha mbele

Hapo ndipo nilipogundua kwamba dereva anahitaji upande wa kulia.

"Mama," nikasema, na nafsi ikanisuta kwa kusema naye moja kwa moja, "huko kwako kuko nini?"

"Majani."

"Mbele ya majani?"

"Shimo."

Alilisema tukiwa tumeshaingia. Tukarushwa wote wawili. Kuanzia shimo lile tulielewana haraka: mimi naendesha, yeye anaona. "Shimo. Mbuzi. Mutu na kinga. Shimo ingine, hii ni baba yao." Kinga ndiyo baiskeli; nikaikwepa. Mvua ikaanza tena, kiti cha nyuma kikajaa maji taratibu, na mbele tulikuwa wakavu. Kila nilipopunguza mwendo, ukuta wa kitenge ulisema, "Usichoke, baba, Zaina anatungoja," na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anaogopa kama mimi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anaweza kuogopa.

Halafu kwenye mteremko mmoja mvua ikakatika, bonde likafunguka mbele yetu lote na mashamba ya mpunga, na mama akacheka. Nilishtuka, sikujua anacheka vipi.

"Kumbe njo vile, ndiyo vile barabara inafanya," akasema. "Inakuja yenyewe."

Akaniambia kwamba maisha yake yote amepanda lori juu ya magunia, amepanda pikipiki uso umefichwa mgongoni mwa dereva, na gari hili kiti cha nyuma. Barabara alikuwa anaiona ikiwa imekwisha kupita. Kisha akaanza kunitajia vitu ambavyo havikuwa na hatari yoyote: ndege, moshi wa jiko la mtu, mwanamke aliyevaa kitenge kama cha dada yake. Nami nilisema ndiyo mama, naona mama, ingawa nilikuwa naona majani tu.

Karibu na Kasongo tuliingia shimo ambalo hakuna aliyeliona. Kitenge kikachomoka juu kikaanguka kati yetu. Wote tukakaza macho mbele, shingo zimesimama kabisa, na hakuna aliyenyoosha mkono kukiokota.

Kasongo

Maternite tulipofika, mama hakungoja nizunguke kumfungulia. Ile nyonga mbovu iliingia mlangoni kabla sijazima gari. Nilimsikia Zaina akilia "Mama!" na kilio chenyewe hakikuwa cha uchungu peke yake.

Sitasimulia nilivyongoja. Kila baba anajua, na asiyejua atakuja kujua. Nilisimama uani na wanaume wengine wawili tusiofahamiana, tukashikana mikono kila kilio kilipotoka. Kisha kikatoka kilio kidogo, chembamba, chenye hasira, nami nikakaa chini kwenye matope na suruali yangu ya safari.

Kwa desturi mtoto angeletwa na shangazi au mkunga. Alikuja nyanya yake mwenyewe. Nikainamisha kichwa haraka, nikaona miguu yake tu, na kitenge alichopewa na wanawake wa Lusangi bado kiunoni.

"Inua macho," akasema. "Huyu mutoto utamupokea ukiangalia udongo?"

Nikainua. Ndiyo siku ya kwanza nilipouona uso wa mama mkwe wangu. Zaina amefanana naye kila kitu, hata ile kona ya mdomo. Akanipa binti yangu mikononi, akarudi ndani.

Kioo cha Salamabila kilifika baadaye, kimefungwa ndani ya kipande cha godoro, mgongoni mwa kijana wa pikipiki. Kizima, hakina hata mkwaruzo. Kalenga alituma salamu kwamba anakuja kukifunga wakati wowote nitakapomwita. Nilikipeleka uani kwa furaha, nikamwonyesha mama, maana yuko nasi mpaka mtoto apate nguvu. Siku hizi tunasemezana, lakini bado kwa adabu, yeye akiwatazama kuku wa jirani na mimi nikiutazama mpera.

Alikigonga kwa kidole, akakisikiliza kama fundi.

"Ni muzuri. Ukiiweka hii, huko nyuma hakutanyesha tena?"

"Hata tone, mama. Safari hii ni kweli."

"Na siku ya kunirudisha Kabambare, nitakaa wapi?"

Nikatazama mpera. Kiti cha mbele alipewa na mvua tu, wote wanajua, na Mjomba Lukali anajua zaidi. Mvua isipoingia, mila inarudi mahali pake.

"Nyuma, mama."

"Njo vile," akasema. Alikiviringisha kile kioo ndani ya godoro lake, taratibu, akakifunga kamba vizuri na kunirudishia. "Uiweke chini ya kitanda. Ukinifikisha kwangu, uibadilishe."

Basi nimenunua gundi nyingine ya mirija miwili. Juzi tulimpeleka mtoto kuchanjwa. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na wingu hata moja. Zaina akaingia nyuma na mtoto wake, na mama akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi.